Sista Hakufa kwa Majani Yako

Mwanangu Skola,

Sikuulizi hali, maana asubuhi ya leo umekunywa uji mabakuli mawili mbele yangu na bado ukakwangua sufuria. Wewe na mama yako mmeshuka Mlali kumuaga bibi, nami nimebaki peke yangu. Nimekaa kwenye gogo pembeni ya banda la mbuzi na karatasi hizi magotini, na hawa mbuzi wako wamepanga vichwa kwenye mbao wananitazama. Hawajazoea kuniona na kalamu. Hata mimi sijazoea.

Kesho alfajiri unaondoka. Habari za masweta, hati ya kusafiria na chakula cha njiani mama yako ameshazisema, na atazisema tena gari likiwa limeshawashwa. Mimi nazipita. Nina jambo moja tu, na nisipolitanguliza nitazunguka kwenye bei ya karoti na habari za mvua mpaka karatasi iishe. Najijua.

Jambo lenyewe ni hili. Yule mbuzi wetu, Sista, hukumuua wewe. Nilimuua mimi. Nililijua siku ileile kabla jua halijazama, na nikakuacha wewe, mtoto wa miaka tisa, ulibebe hilo kosa. Umelibeba miaka kumi.

Nimeandika hayo nikainuka, nikazunguka banda, nikarudi kukaa. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana kosa likielezwa nusu linakuwa uongo mwingine.

Huku kwetu ardhi inakwenda kwa ukoo wa mama. Hilo unalijua tangu ungali mchanga, ila hujalijua ukiwa mwanamume aliyeoa. Mimi nilikuja kwenye mteremko huu na jembe, panga na godoro. Matuta ninayolima ni ya ukoo wa mama yako, chemchemi ninayomwagilia ni ya ukoo wa mama yako, na nyinyi watoto wenyewe ni wa ukoo huohuo. Hakuna mjomba wako hata mmoja aliyewahi kunisimanga, ni watu waungwana sana. Lakini mimi ni mtu wa kujishuku. Kila nilichokigusa nilikuwa nafikiri, kikiharibika hiki watasema dada yao ameolewa na mzembe.

Ndipo Mjomba Kanuti, kaka mkubwa wa mama yako, akatuletea mbuzi wa maziwa. Alimshusha mwenyewe kwa kamba kutoka kwake, akamfunga hapo mlangoni akasema, "Shemeji, huyu ni wa Skola. Mtoto amekuwa mwembamba mno, anywe maziwa." Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nikasema, sawa, sasa nimepewa mtihani wenye miguu minne.

Mwili wake ulikuwa mweusi na kichwa cheupe mpaka shingoni, ukasema amevaa kama masista wa misheni, jina likakaa. Katekista akaja kulalamika kwamba unakufuru. Ukamwambia, "Lakini Sista Mkuu mwenyewe alimwona akacheka." Katekista akaondoka, na mimi nikajificha nyuma ya banda nicheke. Nimekuwa nakuogopa kidogo tangu wakati huo.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa viwavi. Asubuhi nilipiga dawa kabichi za matuta ya chini. Nilipomaliza nikaona kabichi kadhaa zimepasuka, hazifai kwenda sokoni, nikazikata. Majani ya Sista yalikuwa ng'ambo ya korongo, mvua ilikuwa imenyesha usiku na njia inateleza. Nikaona uvivu kuvuka. Nikayakung'uta yale majani ya kabichi kwa mkono, na nikajiambia maneno ambayo nayaandika ili uyaone yalivyo: hii ni dawa ya viwavi, mbuzi ni mnyama mkubwa.

Nikamwekea horini. Sista akanusa, akarudi nyuma, akapiga chafya. Akaninyanyulia macho. Nikamwambia, "Unadeka." Nikarudi baadaye nikakuta anakula mabaki ya majani ya jana kwenye kona, kabichi hajagusa. Nikayatoa yale mabaki yote ili asiwe na la kuchagua. Akapiga mguu wa mbele kwenye mbao, mara mbili tatu. Nikaenda jikoni nikachukua chumvi, nikainyunyiza juu ya kabichi, maana kila mtu anajua mbuzi na chumvi hawaachani. Nikamwacha na njaa yake.

Saa nane nikarudi nikakuta hori tupu. Nikafurahi, Skola. Nikamwambia, "Umeona? Nani mkubwa hapa?"

Hayo maneno bado nayasikia. Yule mbuzi alinikatalia kwa pua, akanikatalia kwa macho, akanikatalia kwa mguu, na mimi nikaona ananivunjia heshima. Nimekosa mengi katika maisha yangu, lakini mengi nilikosa kwa kutokujua. Hili niliambiwa kabisa, tena na mwenye kuumia mwenyewe, na nikamshinda kwa chumvi.

Saa tisa ukarudi kutoka shuleni na majani yako mkononi. Uliyachuma kwenye wigo wa kanisa, kwa sababu uliona mbuzi wa jirani akiyala. Ukampa Sista matatu manne, akala kwa adabu. Haukupita muda mate yakaanza kumtoka, kisha miguu ikaanza kutetemeka. Nilikuwa nimeshawaona kuku wa jirani waliokunywa maji ya kuoshea bomba la dawa, walikwenda hivyohivyo. Nilijua pale pale. Wewe ulikaa chini ukampakata kichwa chake, gauni la shule likalowa mate yake, ukawa unaniambia, "Baba, fanya kitu." Nilikuwa na la kufanya, ningesema amekula nini, labda mtu angejua cha kumpa. Nikakwambia tumwombee.

Kesho yake asubuhi Mjomba Kanuti akafika. Alikuwa ameshasikia. Akatazama banda, akatazama udongo mpya pale nilipomzika, akauliza, "Alikula nini?" Hakuuliza kwa ukali. Na mimi kabla hajafunga mdomo nikasema, "Mtoto alimletea majani ya wigo wa kanisani."

Ona nilivyosema. Sikusema ndiyo yaliyomuua. Nilisema uliyaleta, na ni kweli uliyaleta. Kwa miaka mingi nimejitetea hivyo mbele ya Mungu, kwamba sikutamka uongo. Nilikuwa nimepiga hesabu ya haraka: mkwe akiua mbuzi wa ukoo kwa uzembe, hilo linasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Mtoto akikosea, anaambiwa pole, kesho amesahau. Na kweli mjomba wako aliinama akakushika bega akakwambia, "Hukujua, mama. Mtoto hana kosa." Wewe hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, ukingoja niseme neno. Nikaelekeza macho kwenye kabichi.

Basi sehemu ya hesabu yangu ilitimia, hakuna aliyekugombeza. Ile ya kusahau haikutimia.

Hukulia. Ukaanza kuuliza. Ulikwenda kwenye ule wigo ukachuma jani la kila mti, ukalizungusha kijiji kizima ukiuliza jina lake na nani analila. Ukaacha kunywa maziwa, mama yako akadhani ni minyoo. Mjomba alipotuletea mbuzi mwingine, hukumpa jina mwaka mzima, ukawa unamwita "huyu". Na ukaanza lile daftari. Huyu amelala upande gani, huyu masikio yameelekea wapi, huyu amekataa nini na saa ngapi. Nilikuwa naliona daftari lile juu ya dirisha na naogopa kuligusa, maana nilijua limeanzia wapi. Watu wakinisifu, "binti yako ana akili za kitabibu," naitikia "tunamshukuru Mungu," kisha nabadili mazungumzo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, ilipanda na kushuka milima hii kwa miaka kumi, na haikunichosha kiasi cha kukaa chini. Hicho ndicho kinachonishangaza. Mtu anaweza kula, kulima, kuimba kwaya na kucheka harusini huku amemkalia mtoto wake hivyo.

Sasa nikwambie kitu kingine, na hiki ndicho nilichotaka karatasi zijae. Nimefaidika sana na wewe, mwanangu. Ningekuwa mtu wa hovyo bila wewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tunapeleka kuku Mlali, tumewafunga miguu na kuwaning'iniza kwenye mti begani, vichwa chini? Baba yangu alifanya hivyo na baba yake. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukanifuata nyuma mteremko mzima umeinua vichwa viwili kwa mikono yako, kimoja kulia, kimoja kushoto. Nikakuuliza na wale wengine wanne je? Ukasema, "Mikono yangu ni miwili, baba." Nilikasirika, nikakwambia utatuchelewesha. Jumamosi iliyofuata nilisuka tenga. Wenzangu wakanicheka njia nzima, eti kuku wangu wanasafiri daraja la kwanza. Siku hizi njoo uhesabu matenga kwenye njia ile.

Na yule mbuzi mwekundu mwaka juzi, uliposema ana maumivu, nami nikasema mbona anakula? Ukasema anakula, lakini amehamia kona ya peke yake na hasukumani na wenzake kwenye hori. Nikamwinua kwato nikakuta mwiba umeingia mpaka unanuka. Nilikuwa nimempita mara nne siku ile. Nimefuga tangu utotoni, Skola, na nilikuwa sijui kwamba mbuzi anayenyamaza ndiye anayesema. Nilijifunza kwa mtoto wangu, nikiwa na mvi.

Halafu uliposema unataka kusomea tabia na ustawi wa wanyama, mimi huyohuyo nikakuaibisha mbele ya watu. Ilikuwa baada ya misa, jumuiya nzima imekaa. Nikasema, "Wenzako wanasomea uuguzi, wewe unakwenda kusomea adabu za mbuzi?" Watu wakacheka. Mjomba Kanuti naye akachomekea, "Mbuzi wenyewe hawajasoma na wanaishi." Ukacheka na sisi, kisha ukaondoka kabla chai haijaletwa. Walidhani naogopa ukose kazi. Nilichokuwa naogopa ni kwamba utafika huko, utafundishwa dawa za shambani zinamfanyaje mnyama, utakumbuka mate na miguu ile inayotetemeka, na utanijua.

Kisha ikaja jioni ile ya barua ya maombi. Uliiandika kwa Kiingereza, ukatutafsiria jikoni mimi na mama yako. Ulianza kwa kusoma, "Nilipokuwa na miaka tisa nilimuua mbuzi wetu kwa kutojua, na tangu siku hiyo nimetaka kujua wanyama wanatuambia nini." Mama yako akakushika mkono. Mimi nikasema naenda kuangalia kama banda limefungwa. Nilisimama humu bandani nimeshika nguzo. Nililia, nakwambia ukweli, na mbuzi wakanijia wakaninusa mfukoni wakidhani nina pumba.

Wamekupokea kwa barua hiyo. Wamekupa ufadhili kwa barua hiyo. Hapo nikapata hofu mpya, mbaya kuliko ya kwanza, kwamba nikisema ukweli nitaibomoa njia uliyopitia. Utasema, kumbe nimejengwa juu ya uongo wa baba, nakwenda kutafuta nini huko? Nikaona heri nife nalo. Nilikuwa nimeshaamua.

Kilichonigeuza ni wewe wiki mbili zilizopita. Tulikuwa tunapalilia njegere, nikakuuliza kwa mzaha kama hutachoka huko kutazama wanyama miaka yote hiyo. Ukasema, "Nikichoka, baba, nitamkumbuka Sista. Nina deni." Ulisema hivyo bila huzuni, ukaendelea kupalilia. Nikatazama mgongo wako. Nikafikiri, huyu anakwenda ng'ambo kufanya kitubio cha dhambi yangu, kwenye baridi, peke yake, na hata siku akifaulu hatafurahi, atasema bado.

Siku ya pili yake nikapanda kwa Mjomba Kanuti. Nikamkuta anachambua maharage. Nikamwambia yote, na chumvi pia. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata godoro nilikuwa nimelifikiria. Akaendelea kuchambua muda mrefu, mpaka nikatamani anitukane. Mwishoni akasema, "Shemeji, mbuzi wangu nilishamsamehe aliyemuua, siku ileile. Tatizo nilimsamehe asiyehusika. Na mzaha wangu wa pale jumuiyani nauhesabu kuwa kosa langu, kwa hiyo usiniletee mimi. Nenda kwa mwenyewe."

Kwa mwenyewe nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa chemchemini, ukaanza kunisimulia habari za ndege, nikashindwa kukukata. Mara ya pili mama yako aliingia. Mara ya tatu, jana, hakuna aliyeingia wala aliyesema kitu. Nilifungua mdomo nikakuuliza kama umefunga kandambili.

Sasa umejua. Deni halikuwa lako hata siku moja. Majani yako ya wigo hayakuwa na ubaya, wiki iliyopita nimeyachuma nikawapa hawa hapa, kidogokidogo, nimekaa nao siku nzima na daftari lako nikiandika. Wamekula, wako hapa wananitazama. Ulimpa Sista kitu kizuri katika saa yake ya mwisho. Alikula kwako bila kulazimishwa na mtu.

Sijui ukweli huu utakufanya nini. Labda utaona njia imekatika. Mimi mkulima nionavyo, haijakatika. Uliuliza Sista alitaka kutuambia nini, na swali lilikuwa la kweli hata kama uliambiwa uongo kuhusu jibu. Alikuwa anasema, nami nilimsikia nikamfunika kwa ukubwa wangu. Wako wengi wa namna yangu, tena wengine wamesoma, na utakutana nao huko. Usiwaonee haya kwa sababu tu ni wakubwa. Mimi ningeponywa na mtu mmoja wa kunishika mkono pale horini, akaniuliza, kwani amekataa mara ngapi?

Lakini nenda kwa sababu unawapenda. Nimekuona ukicheka peke yako humu bandani, nimekuona ukikaa saa nzima ukitazama mwanambuzi anavyojifunza kuruka, uso wako unang'aa. Huko ndiko kwako. Kitubio niachie mimi, ni changu, nimechelewa nacho vya kutosha. Ukiona hiyo barua ya maombi inakusumbua, waandikie ukweli, waambie baba yangu ndiye. Jina langu waandikie lote.

Na asante. Asante kwa tenga la kuku, kwa kwato la yule mwekundu, kwa kunifundisha kuosha mikono na kupiga dawa nikiupa upepo mgongo. Asante kwa kuniita baba kila asubuhi kwa miaka yote hii, nikiitika nisichostahili.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii kwenye sanduku lako, chini ya khanga, uikute ukishafika. Nimefikiri hivyo mpaka ukurasa huu. Ndipo nikaona ujanja wangu ni uleule: utaisoma ukiwa mbali, utakasirika ukuta ukikutazama, na mimi nitakuwa huku nakula ugali wangu salama. Safari hii hapana.

Nawasikia mnapanda, wewe na mama yako, mnabishana kuhusu kitu. Ukifika nitakupa hizi karatasi mkononi na nitakwambia uketi kwenye gogo hili uzisome mwanga ungalipo. Mimi nitasimama hapa mlangoni mwa banda. Una usiku mzima wa kunikasirikia nikiwapo, na ukinitazama kama ulivyonitazama siku ile, sitageuza macho.

Ni mimi,
Baba yako